Maswali ya Wakimbiaji: Matope, Baridi na Misumari ya Viatu

Tangu saa za Uingereza ziliporudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba kwa ajili ya majira ya baridi, barua nyingi za safu hii zinatoka kwa wasomaji walioko Uingereza na Marekani: wakimbiaji wa ridhaa waliojiandikisha mashindano ya majira ya baridi, hasa mbio za nyika (za viwanjani na matopeni badala ya barabarani), na sasa wanajiuliza wamejiingiza katika nini. Barua zilizofanana tumeziunganisha, na majina tumeyaacha.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi kutoka Arusha, niko Leeds mwaka wa pili. Nyumbani nilikuwa nakimbia kilomita 10 za barabarani kwa dakika 36. Hapa nimejiunga na klabu, na kwenye mbio zangu za kwanza za nyika nimepitwa na wazee wa miaka 55. Pumzi ninayo, miguu ndiyo inayogoma. Nakosea wapi?

Marahaba. Usione haya kupitwa na wazee hao. Wengi wamekimbia viwanja hivyo hivyo miaka nenda rudi na wanajua kila kona inavyoteleza. Wewe una mapafu, wao wanaijua ardhi.

Lami haibonyei, kwa hiyo nguvu unayoikanyagia karibu yote inakusukuma mbele. Kwenye tope mguu unazama, unateleza nyuma kidogo, kisha inabidi uung'oe. Papo hapo misuli midogo ya kifundo na nyonga inahangaika kukuweka wima, kazi ambayo barabarani haipo. Ndiyo maana pumzi inabaki na miguu inakwisha. Kwa mwendo wako wa dakika 3 na sekunde 36 kwa kilomita, uwanja mzito unaweza kukuongezea sekunde 20 hadi dakika nzima kwa kila kilomita, na wewe hujalegea hata chembe. Saa ya mkononi iache kwenye begi. Ukifukuzia kasi ya lami, mzunguko wa pili utaumaliza kwa kutembea.

Kosa la pili la wageni liko mwanzoni. Mstari wa kuanzia ni mpana, watu mamia wamesimama bega kwa bega, halafu baada ya mita 300 au 400 njia inabanwa na lango, daraja au miti. Fika saa moja kabla, tembea au jongea mzunguko mmoja, uone njia inabana wapi. Ikibana karibu na mwanzo, itakubidi utoke na kasi kwa sekunde 40 hivi, kisha ushushe mara moja kabla miguu haijajaa asidi. Ikibana mbali, tulia katikati ya kundi uwaache wengine wajiunguze. Kuijua njia ni desturi ya tangu zamani: mwaka 1876 mashindano ya kwanza ya taifa ya Uingereza, yaliyofanyika msitu wa Epping, yalifutwa kwa sababu wakimbiaji wote walipotea njia.

Ukishaingia matopeni, piga hatua fupi za haraka, inua magoti kuliko kawaida, na mikono itanuke kidogo kwa mizani. Dimbwi usiliruke wala usilizunguke, lipite katikati. Kingo zake zimekanyagwa na kila anayekwepa maji na zimegeuka uji mzito, wakati katikati, chini ya maji, ardhi mara nyingi ni ngumu. Na miguu italowa tu, kama si hapo basi mita 50 mbele. Kwenye kona punguza mwendo kabla ya kuingia, si ukiwa ndani yake. Kwenye mteremko uwe mwepesi wa kuegemea mbele. Ukirudisha mwili nyuma unatua kwa kisigino, na kisigino cha kiatu hakina msumari.

Hukusema umevaa nini, lakini maelezo yako yananuka viatu vya barabarani. Tafuta viatu vya mbio za nyika, vile vyenye matundu ya kufungia misumari chini ya vidole. Misumari inauzwa kando kwa urefu: milimita 6, 9, 12 na 15. Ardhi kavu au iliyoganda, 6 au 9. Majani yaliyolowa, 12. Tope la kina na milima, 15. Kama uwanja ni mchanganyiko, 12 ndiyo jibu mara nyingi. Misumari mirefu kwenye ardhi ngumu inakufanya ukimbie kama umevaa viatu vya mchuchumio, na kila jiwe utalisikia mpaka kwenye meno. Paka vaselini kidogo kwenye nyuzi za msumari kabla ya kuufunga, maana ukishika kutu utahitaji koleo kuutoa. Tundu usiloliwekea msumari lifunge kwa kizibo bapa, vinginevyo linajaa mchanga na nyuzi zake zinaharibika.

Kamba zifunge fundo mara mbili na ncha uzichomeke ndani. Kiatu kiwe kimebana. Kinachopwaya kinabaki kwenye tope na mwenyewe unaendelea na soksi. Ila usivivae kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Kisigino chake kiko chini sana kuliko cha kiatu cha kawaida, na ukano wa nyuma ya kifundo utavutwa kwa namna usiyoizoea. Anza na dakika 10 kwenye majani, mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili au tatu.

Kwa mazoezi, siku moja kwa wiki hamia kwenye majani yenye kilima: dakika 3 kwa nguvu mara 6, ukipumzika sekunde 90 kila mara. Nyumbani simama ukingoni mwa ngazi, panda na kushuka kwa vidole, mara 15 kila mguu, mizunguko mitatu, kila baada ya siku mbili. Ukifanya hivyo mfululizo, mwezi Januari utaona tofauti.

Nimemaliza wa 212 kati ya watu 240 kwenye ligi ya wilaya yetu, karibu na London. Nahodha akanishika mkono na kunishukuru sana. Ni heshima ya Kizungu au kweli nimesaidia?

Inawezekana kabisa umesaidia. Katika mbio za nyika pointi za timu ni jumla ya nafasi walizomaliza watu wake, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Tuseme ligi yenu inahesabu watu 6, na wenu wamemaliza wa 4, 9, 15, 30, 41 na 60. Timu ina pointi 159. Klabu ikikosa mtu wa sita, kwenye ligi nyingi haipati matokeo kamili au inatwishwa pointi za adhabu. Kwa hiyo kama mlikuwa sita tu, wewe ndiye uliyeifanya timu iwepo. Hata ukiwa wa saba au wa nane, kila mpinzani uliyemtangulia unaweza kuwa umemwongezea pointi moja, kulingana na kanuni za ligi.

Jambo moja la kuangalia: ukishavuka mstari, kaa kwenye foleni kwa mpangilio ule ule uliomaliza. Usimpite mtu kwenye kichochoro cha kamba hata kama ameinama anatapika, mshike mkono muende naye. Ligi nyingi bado zinaandika nafasi kwa kuangalia foleni hiyo, na mtu mmoja akivuruga mpangilio, makarani wanahangaika nao mpaka usiku.

Nyuzi 3, mvua na upepo. Mie nimevaa koti, suruali ya michezo na kofia, wenzangu wako na singleti na kaptula. Nani mwenye akili?

Kwa ile nusu saa ya kukimbia, wao. Kwa saa mbili kabla na baada yake, wewe.

Mwili unaokimbia kwa nguvu ni jiko. Kanuni ya kazi ni hii: vaa kana kwamba nje kuna joto la nyuzi 8 hadi 10 zaidi ya lililopo. Ukisimama mstarini na unahisi kibaridi, umevaa sawasawa. Ukisimama umestarehe, kilomita ya pili utakuwa unachemka, jasho linalowesha nguo, na nguo iliyolowa ndiyo inayokuibia joto upepo ukivuma. Kwa nyuzi 3 na mvua inatosha fulana nyembamba ya kubana ya mikono mirefu, juu yake singleti ya klabu (kwenye ligi ni lazima ionekane), kaptula au taitsi, na glavu. Kwenye glavu usibishane na mtu, maana vidole vikifa ganzi hutaweza hata kufungua kamba za viatu. Pamba iache nyumbani, soksi zikiwemo. Inanyonya maji na kuyang'ang'ania, wakati nyuzi za plastiki au sufu laini ya merino zinayaachia. Taitsi nene ikilowa inavutwa chini na tope, kwa hiyo siku ya mvua kubwa wengi wanaona afadhali miguu wazi iliyopakwa vaselini.

Mpangilio wa saa ndio unaowashinda wengi. Pasha mwili kwa dakika 15 ukiwa na nguo zote, kisha mikimbio mifupi minne hadi sita ya mita 60. Koti na suruali vue dakika 5 kabla ya mlio, si 20. Umwachie mtu asiyekimbia, au viweke kwenye mfuko mkubwa wa taka uliofungwa, la sivyo utakuta vimelowa kuliko ulivyovivua. Ukimaliza, una kama dakika 10 kabla baridi haijakushika, kwa sababu jiko limezimwa na nguo ni maji matupu. Anza na juu: vua vyote, jifute, vaa kavu, kofia, ndipo ufuate miguu. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya kuhifadhi joto ina faida kuliko vinywaji vyote vya rangi rangi vinavyouzwa pale.

Kila baada ya mbio za baridi vidole vyangu vya miguu vinavimba, vinawasha usiku kucha na kuwa na mabaka ya zambarau. Nikifika nyumbani huwa nikiviloweka kwenye maji ya moto. Mama mmoja wa hapa aliniambia ni fangasi.

Kwa maelezo yako, dada, maji ya moto ndiyo ya kushukiwa kwanza. Baridi inabana mishipa midogo ya vidoleni. Ukivipasha ghafla, damu inarudi kwa kasi kuliko mishipa hiyo inavyoweza kuipitisha, majimaji yanavujia kwenye ngozi, na ndiyo huo uvimbe na muwasho unaokuja saa kadhaa baadaye. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Unaona zambarau au weusi uliozidi, na watu wanadhani ni fangasi. Dawa ya fangasi haitasaidia kitu.

Vua soksi zilizolowa mapema, kausha katikati ya vidole, vaa soksi kavu za sufu na uache miguu ipate joto taratibu. Usiiweke karibu na hita, usiikune, na usiisugue. Kwa kawaida inapona yenyewe kwa wiki mbili tatu. Ikipasuka, ikitoa usaha, au vidole vikigeuka vyeupe kabisa na kufa ganzi kila ukishika kitu cha baridi, nenda kwa daktari, hiyo inaweza kuwa hali nyingine. Angalia pia viatu: kiatu kinachobana mbele kinapunguza damu kabla baridi haijaanza kazi yake.

Assalaam aleikum. Niko Leicester. Mwaka 2026 Ramadhani inaingia wiki ya tatu ya Februari, na klabu yetu bado ina mashindano mwezi huo. Kilomita 8, saa 8 mchana. Naweza kukimbia nikiwa nimefunga?

Waaleikum salaam. Upande wa hukumu muulize sheikh wako, sisi tutajibu upande wa mwili.

Mwishoni mwa Februari huko mfungo ni kama saa 12, karibu sawa na ule wa Zanzibar au Mombasa, na baridi inapunguza jasho. Ni afadhali kubwa kuliko miaka ambayo Ramadhani iliangukia Juni na mchana wa Uingereza ulikuwa haumaliziki. Kwa mwanamke mwenye afya aliyezoea kufanya mazoezi akiwa amefunga, dakika 40 hivi za mbio zinawezekana. Kwa aliyeanza kukimbia mwaka huu, tunasema aende akashangilie. Mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito, anayenyonyesha, au aliyewahi kuzimia akikimbia asijaribu.

Wanga uliomo kwenye misuli hauishi kwa kulala au kukaa ofisini. Unaoshuka ni ule wa kwenye ini, unaolisha ubongo. Ndiyo maana katikati ya mbio miguu inaweza kuwa sawa lakini kichwa kinaelea. Basi daku lisiwe chai na andazi. Kula uji wa ulezi au wa shayiri, mayai, maharage, tende tatu nne, na maji nusu lita mpaka mililita 700, ukinywa polepole toka unapoamka. Achana na achari na vitu vya chumvi nyingi. Usiku wa kuamkia mashindano, kati ya futari na kulala, maji yafike lita moja na nusu, kidogo kidogo. Ukiyanywa kwa mkupuo utayakojoa yote.

Siku yenyewe kupasha mwili kuwe kwa dakika 10 tu. Anza nyuma ya watu ambao kwa kawaida unakimbia nao sambamba, na ukae hivyo hadi nusu ya njia. Kizunguzungu, kuona giza, baridi ya ghafla katikati ya mbio au kusahau uko mzunguko wa ngapi ni dalili za kusimama, hapana mjadala. Ukimaliza hutaweza kunywa cha moto, kwa hiyo utapoa haraka kuliko wenzako. Beba nguo kavu mara mbili ya kawaida na ukae ndani ya gari au ukumbini mpaka magharibi, inayoingia saa 11 na nusu jioni hivi. Mazoezi magumu ya mwezi huo yahamishie saa moja na nusu hadi mbili baada ya futari nyepesi, na yale mepesi dakika 40 kabla ya magharibi, ili chakula kiwe karibu.

Sisi ni Wakenya watatu Minneapolis, Marekani. Tumejiandikisha mbio za kilomita 5 Januari. Mwaka jana siku hiyo ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Watu wanakimbiaje?

Wanakimbia kwa kuangalia upepo kabla ya kuangalia kipimajoto. Nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi inahisi kama 20 chini. Nyuzi 20 chini bila upepo, kukiwa na jua, inavumilika kuliko watu wanavyodhani. Kipimo cha baridi kinachojumlisha upepo kikifika 28 chini, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kati ya dakika 10 na 30. Kwa mkimbiaji wa ridhaa hiyo ni siku ya kukimbilia kwenye mashine ya ndani, medali au si medali.

Tabaka la kwanza liwe la kubana na lisiwe la pamba. La pili liwe la manyoya membamba au sufu. La tatu liwe koti jepesi la kuzuia upepo lenye zipu, ili uweze kulifungua ukianza kutoa jasho. Mikononi vaeni glavu nyembamba na juu yake zile zisizotenganisha vidole, maana vidole vikikaa pamoja vinapeana joto. Shingoni vaa mrija wa kitambaa unaoweza kupandishwa hadi puani. Mashavu na ncha ya pua vipakwe vaselini. Wanaume watafute chupi yenye kitambaa cha kuzuia upepo mbele. Wasioamini wataamini njiani wakirudi.

Mazoezini toka nyumbani ukikabili upepo, urudi ukiwa mgongoni. Ukifanya kinyume, utatoa jasho wakati wa kwenda na upepo utakukuta umelowa. Zunguka karibu na nyumbani, usiende mbali kwa njia moja. Simu ikae ndani ya nguo, karibu na mwili, maana betri inazimika kwa baridi.

Barafu ndiyo inayojeruhi wengi. Theluji iliyoshindiliwa inayolia chini ya kiatu inashika vizuri. Inayong'aa na kunyamaza inaangusha. Msiiamini chumvi ya barabarani: ile ya kawaida inafanya kazi vibaya joto likishuka chini ya nyuzi 9 hasi hivi, na lami inaweza kuwa na chumvi na barafu kwa pamoja. Nunueni viatu vyenye vichwa vidogo vya chuma kigumu kwenye soli, au vile vibanio vya mpira na chuma vinavyovalishwa juu ya kiatu cha kawaida. Vibanio vivueni mkifika kwenye lami tupu, vinachakaa haraka na kuteleza kama sahani.

Mkiwa watatu mna faida moja: angalianeni nyuso. Kwenye ngozi yetu sehemu inayoanza kuganda inageuka ya kijivu, kama majivu, na haina hisia. Ingieni ndani, mfunike sehemu hiyo kwa kiganja chenye joto, na msiisugue, wala kuisugua kwa theluji kama wazee wa huko walivyokuwa wakifanya. Na mwenzenu akianza kuhangaika na zipu, maneno yakiburuta na miguu ikijikwaa, mbio zake zimekwisha. Akiacha kutetemeka kabla hajapashwa joto, hali imezidi kuwa mbaya. Piga 911.

Watu wa pwani mkicheka, kumbukeni Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika Mombasa. Joto na unyevu viliwashinda wengi, hata bingwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia akajitoa, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda.

Baada ya mbio nakohoa saa nzima na kifua kinabana. Sijawahi kuwa na pumu. Ni baridi imeingia mapafuni?

Baridi haiingii ikakaa. Hewa ya baridi ni kavu, na ukihema kwa nguvu kupitia mdomoni njia za hewa zinapoteza unyevu kuliko zinavyoweza kuurudisha, zikakereka na kubana. Mtu anaweza kupata hali hiyo kwa mazoezi tu bila kuwa na pumu ya kawaida. Funika mdomo kwa kitambaa wakati wa kupasha mwili na kilomita ya kwanza. Ongeza muda wa kupasha hadi dakika 20, ndani yake uweke mikimbio michache ya nguvu. Ukipata mafua ya kifuani, usishindane mpaka yaishe. Kikohozi kikijirudia kila mara, au kikija na mlio wa filimbi kifuani, daktari akupime. Akikuandikia inhela atakwambia uivute dakika ngapi kabla ya kuanza. Usiazime ya mwenzako.

Nina nafasi ya London Marathon mwezi wa nne. Klabu inanitaka kwenye mbio zote za nyika hadi Machi. Nizikatae?

Usizikatae, zichague. Mkenya Paul Tergat alishinda mbio za nyika za dunia miaka 5 mfululizo, 1995 hadi 1999, kisha mwaka 2003 akaweka rekodi ya dunia ya marathon huko Berlin, saa 2:04:55. Tope halimharibii mtu marathon. Kinachomharibia ni kushindana kila Jumamosi na kukimbia kilomita 28 kila Jumapili.

Mpango wa wiki 16 unaanzia mwanzoni mwa Januari. Shiriki mashindano moja kila wiki mbili au tatu, na hayo ndiyo yawe mazoezi yako magumu ya wiki hiyo. Usiongeze mengine Alhamisi. Mbio ndefu zifuatazo zisogeze hadi Jumatatu au Jumanne, au uzipunguze kwa theluthi na uzikimbie polepole mno. Shindano la mwisho la nyika liwe Februari, kisha Machi uhamie lami na viatu utakavyovaa London, maana mapaja yanahitaji wiki kadhaa kuzoea tena kugongwa na barabara. Kama kifundo kimewahi kuteguka, funga msimu wa nyika Januari.

Siku za kazi utakimbia gizani. Desemba jua la London linatua kabla ya saa 10 alasiri. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, kimbia upande wa kulia ukikabili magari. Vaa taa ya kichwani na kitambaa cha kuakisi mwanga kwenye vifundo, ambavyo dereva anavitambua haraka kwa sababu vinacheza. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi, jua hilo halitoshi kutengeneza vitamini D. Ushauri wa huduma ya afya ya Uingereza ni mikrogramu 10 kwa siku vuli na majira ya baridi, na wenye asili ya Afrika wafikirie kuimeza mwaka mzima.

Viatu vya matope vinaoshwaje? Mke wangu amekataa visiingie ndani.

Shemeji ana haki. Gongesha viatu soli kwa soli ukiwa bado uwanjani, kisha vifunge kwenye mfuko wa plastiki. Nyumbani vioshe nje kwa maji ya baridi na brashi usiku huo huo. Tope likikauka kwenye kitambaa linakikata. Toa misumari yote, ifute, ipake mafuta na uiweke kwenye kopo. Jaza viatu magazeti makavu, badilisha baada ya saa mbili, na uviache penye hewa. Usiviweke juu ya hita, gundi ya soli inapasuka, na mashine ya kufulia nayo isiviguse. Mpaka vikauke vizuri ni siku mbili, kwa hiyo usitegemee kuvivaa Jumapili baada ya mbio za Jumamosi.